Taa Inayofikiria Kwanza

Ukibonyeza swichi ya sebuleni kwetu, taa ilikuwa haiwaki papo hapo. Ilifikiria kwanza. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kufunga mitambo ya namna hii kwenye nyumba za watu, alinieleza siku ya kwanza kabisa, bisibisi mdomoni. Kidole kikigusa swichi, amri inaingia kwenye kile kisanduku cheupe kilicho ukutani karibu na friji. Kisanduku kinaituma kwenye intaneti, inakwenda ng'ambo kwenye kompyuta za waliokitengeneza, inaulizwa imetoka kwa nani, inakubaliwa, inarudi, ndipo taa inawaka.

"Yote hayo kwa ajili ya taa ya sebuleni?" nikamuuliza.

"Ndiyo mambo ya kisasa hayo."

Mimi pasipoti sina, lakini kidole changu kilikuwa kinasafiri kila jioni. Sekunde mbili, siku mtandao ukiwa mzito hata tatu au nne. Mtu akikutajia sekunde mbili unaona si kitu. Simama gizani umekumbatia beseni la nguo mbichi, uone zilivyo ndefu. Kwa wateja wake hakuna aliyewahi kulalamika, au walilalamika akawaambia wabadilishe intaneti. Kwetu hakuwa na wa kumsingizia. Mganga hajigangi, na sisi ndio tuliokuwa wagonjwa wake wa bure.

Aliyeteseka zaidi na taa ile ni baba mkwe. Alihamia kwetu baada ya mama mkwe kufariki, akaja na sanduku moja la nguo na kiti chake cha kuegemea. Maisha yake yote alifundisha watu kuendesha gari. Nusu ya madereva wa mji huu amewapigia kelele yeye, na mpaka leo akipita barabarani watu wazima wenye mvi wanamsalimia, "Shikamoo, Mwalimu Breki." Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, na mguu wake wa kulia haujawahi kuisahau. Hata akiangalia televisheni, gari likikata kona vibaya kwenye filamu, mguu unakandamiza zulia.

Mtu wa namna hiyo humpi swichi inayochelewa. Anabonyeza, anaona giza, anabonyeza tena. Ile amri ya kwanza inafika taa inawaka, ya pili inafika taa inazima. Anabaki amesimama palepale.

"Mama," aliniambia siku moja. Ananiita hivyo, na mimi namwita Baba. "Mwanafunzi akikanyaga breki leo, gari likasimama kesho, huyo tumeshamzika. Mume wako anauziaje watu kitu hiki?"

"Haraka haraka haina baraka, Baba."

"Hiyo methali ni ya waendao kwa miguu."

Nilimpenda kwa majibu yale. Nasema mapema ili mtu asije akanielewa vibaya huko mbele.

Mimi nashona sare za shule katika chumba cha mbele, kwa hiyo mchana kutwa nyumbani huwa ni mimi na yeye. Mume wangu hutoka asubuhi na ngazi yake juu ya gari, hurudi jua limeshazama. Kinachotokea kati ya hapo nakijua mimi.

Siku moja Baba alikuja mlangoni kwangu akasema taa zote za nje zinawaka juani. Nilikuwa napiga pindo la sketi. Nikasema, "Sawa, Baba," kwa sauti ile ya kumwambia mtoto, wala sikuinua macho. Alisimama kidogo, akaondoka. Jioni mume wangu aliporudi, kweli, taa za nje zilikuwa zinawaka tangu mchana. Umeme ulikatika asubuhi. Kisanduku kina saa yake ndani, na saa ile inashikiliwa na kibetri kidogo cha duara, na kibetri kilikuwa kimekufa. Umeme uliporudi, kisanduku kiliamka bila kujua ni saa ngapi, kikaanza kuhesabu kama vile usiku ndio kwanza unaingia. Intaneti ambayo ingekisahihisha nayo ilikuwa haijarudi. Nyumba nzima ikaishi kwa majira yake yenyewe: taa za usiku mchana, pampu ya maji ikajaza tangi lililokwisha jaa.

"Umeona?" mume wangu akasema, na uso wake uling'aa kama mtu aliyeokota pochi. "Baba hakukosea. Ni saa ya kontrola, ya kile kisanduku."

Nilimwomba Baba radhi mbele ya mwanawe, na nilimaanisha. Lakini tangu siku hiyo kisingizio kikapata kazi ya kudumu ndani ya nyumba yetu. Chochote ambacho Baba angefanya, kesi ilikuwa imeshaamuliwa: ni kisanduku.

Kwanza likaja la sufuria. Nilinusa kitu kinaungua, nikakuta sufuria tupu juu ya jiko la gesi, imekuwa nyekundu kitako, mpini umeyeyuka. Baba alikuwa kibarazani anasoma gazeti. Mume wangu alikuwa amefunga kifaa cha kukata gesi, kinachotakiwa kujifunga chenyewe jiko likiwaka muda mrefu. Hakikujifunga. Jioni ile akapiga magoti chini ya jiko na tochi, akapima, akakuta amri ya kukata gesi inachelewa kufika kwa sababu saa ya kisanduku na saa ya kile kifaa hazikubaliani. Alinieleza kwa nusu saa, kwa furaha kabisa. Hakuuliza ni nani aliyeinjika sufuria tupu.

Nikamwambia mimi. "Sufuria haikuwa na maji."

"Yalikauka."

"Haikuwa na maji, mume wangu. Ilikuwa kavu na majani ya chai yakiwa bado kwenye kopo."

"Sasa kama gesi ingekatika kwa wakati, ingeungua?"

Ukibishana na fundi kuhusu kifaa chake unatwanga maji kwenye kinu. Nikaenda kuitupa sufuria.

Halafu likaja la geti. Nilitoka kumtafuta Baba nikamkuta nyumba ya tatu kutoka kwetu, amesimama mbele ya geti la watu, anabonyeza rimoti yetu, anasubiri, anabonyeza tena. Aliponiona akasema, "Leo imezidi. Niko hapa tangu muda ule." Nikamshika mkono nikamwambia twende tukajaribu lile la kule. Mume wangu alisema mageti yote ya mtaa huu yamepakwa rangi moja, hata yeye mwenyewe siku moja nusura aingie kwa jirani. Kisha akabadilisha betri ya rimoti.

La tatu ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nashona, mguu kwenye pedali ya cherehani, Baba akaja akaketi kwenye kigoda kando yangu kama anavyofanya akitaka mazungumzo. Nikaendelea. Mara akasema kwa upole, "Angalia kioo." Nikacheka. Akasema, "Punguza mwendo, kuna watoto mbele." Nikacheka tena, nikamgeukia, nikaona jasho kwenye paji la uso wake na mguu wake umekandamiza sakafu mpaka kisigino kimeinuka. Hakuwa anatania. Mlio wa mota ya cherehani ulikuwa unampeleka barabarani, na barabarani kulikuwa na watoto.

Nikatoa mguu kwenye pedali.

"Vizuri," akasema, akashusha pumzi. "Ungetuua."

"Samahani, Mwalimu."

Tulikaa vile, cherehani kimya, mpaka alipoinuka mwenyewe akaenda kulala. Mimi nililia juu ya sketi za watoto wa watu, nikafunga kazi ya siku ile. Jioni nilipomsimulia mume wangu, alitabasamu. "Baba anapenda utani, unamjua." Nikampigia simu wifi yangu, dada yake, anayeishi mji mwingine. Nikasimulia yote tangu sufuria. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa hilo namshukuru.

"Wifi, wewe umechoka tu," akasema. "Mtu mzima kusahausahau ni kawaida. Au Baba ameanza kuwa mzigo hapo?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sikumjibu hivyo. Nilisema, "Hapana wifi, si mzigo," na tukaagana kwa salamu kwa watoto wake.

Hapo ndipo nilipofahamu nilipo. Mimi ni mke wa mtoto. Baba ni wao, mimi nimemkuta. Neno la kwamba mzee anapotewa na akili likitoka kinywani mwa binti yake ni huruma, likitoka kinywani mwangu linanuka, watu watauliza nataka chumba chake nifanyie nini. Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja tu: mmoja wa watoto wake aone kwa macho yake, Baba apelekwe kwa daktari, nipate wa kusaidiana naye kumwangalia, kabla gesi haijatuonyesha sote. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kingenikuta niko peke yangu jikoni.

Basi nikawa mlinzi. Nashona kwa masikio. Nikisikia maji yanatiririka, naacha cherehani. Nikisikia kimya, naacha cherehani haraka zaidi. Sare zikaanza kuchelewa, wazazi wakaanza kunipigia simu, na mimi nikawaambia umeme, umeme, nikawa nami nasingizia nyaya kama mume wangu. Nilichoka mpaka kwenye mifupa. Nilichoka hata kumchukia yeye na kisanduku chake.

Mume wangu naye hakuwa amekaa bure. Alibadilisha kibetri. Akabadilisha ruta. Akaandika upya programu. Kila siku Baba akikosea, mume wangu alirudi na kitu kipya kwenye mfuko wa karatasi, na nilivyokuwa namwangalia akikata nyaya usiku mpaka macho yanamwuma, nilikuwa najua anakimbia nini. Alikuwa anakimbia na ngazi begani. Lakini kujua hakukunipunguzia kazi.

Jumapili moja akatangaza kuwa ameshinda. Ameleta kontrola nyingine, isiyokwenda ng'ambo kuomba ruhusa. Kila kitu kinaamuliwa humuhumu ndani ya nyumba, swichi zimeunganishwa kwa waya, saa yake ina betri kubwa na haiyumbi hata umeme ukikatika siku nzima. Alifanya kazi tangu asubuhi. Baada ya chakula cha mchana aliniita kwenye korido ya vyumbani, ambayo haina dirisha na hata mchana ina giza. "Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza, taa ikawaka. Haikufikiria. Nilishtuka nikarudisha mkono, maana nilikuwa nimeshajiandaa kusubiri. Nikazima, ikazima. Nikawasha, ikawaka. Sitasema uongo, ilikuwa raha.

"Sasa tumwite Baba," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayepeleka ripoti ya shule nyumbani.

Baba alikuja na kandambili zake, gazeti kwapani. Mume wangu akazima taa, akamwelekeza kwenye swichi. "Hii sasa ni kama breki zako, Baba. Ukigusa tu."

Baba akabonyeza. Taa ikawaka juu ya vichwa vyetu. Yeye alikuwa anaangalia swichi. Akangoja, akabonyeza tena. Taa ikazima.

"Bado," akasema.

Mume wangu akacheka. "Imewaka, Baba. Wewe ndiye umeizima. Jaribu tena, mara moja tu."

Akabonyeza. Taa ikawaka. Akaiangalia swichi kwa subira yote ya mwalimu, midomo ikichezacheza kama anayehesabu, akabonyeza tena. Giza.

"Bado inachelewa, mwanangu. Usikate tamaa."

Safari ya tatu mume wangu hakucheka. Baba alipobonyeza mara ya kwanza, alimshika kiganja kabla hakijarudi ukutani, akakishikilia. Taa iliwaka, ikaendelea kuwaka. Tukasimama watatu katika mwanga ule. Nikaona macho ya Baba yakipanda polepole kutoka kwenye swichi mpaka ukutani, mpaka darini.

"Nani amewasha?" akauliza.

Mimi nilikuwa nyuma yao, nimeshika fremu ya mlango. Nilikuwa nimeisubiri siku hii muda mrefu, nilidhani itanipa nafuu. Haikunipa. Ningeweza kurudisha kile kisanduku kibovu kwa mikono yangu mwenyewe ili mume wangu asiendelee kuwa na ule uso.

Baba aliuona uso huo pia. Maisha yake yote aliketi kando ya watu wenye hofu, na hofu ya mtu alikuwa anaisoma kabla mwenyewe hajaijua. Alimtazama mwanawe, akatazama taa, akatazama mkono wake ulioshikwa.

"Ni mimi niliyewasha?"

"Ndiyo, Baba."

"Na kuzima?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu, akalitoa gazeti kwapani akalikunja upya ingawa lilikuwa limeshakunjwa. "Kirudishe kile cha zamani," akasema.

"Kile kilikuwa kibovu, Baba."

"Najua. Kwa kile tulikuwa tunakosea wote wawili, mimi nacho."

Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango bila kelele.

Mume wangu alinifuata jikoni. Nilikuwa naosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Alisimama karibu na friji, chini ya tundu lililobaki ukutani alipokuwa ameking'oa kile kisanduku.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla hujabadilisha kile kibetri."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hapo nikaweka sahani chini, maana ningeivunja. "Nilikuambia. Nilikuambia sufuria haikuwa na maji. Nilikuambia alikuwa kwenye geti la watu. Nilikuambia alikaa na mimi kwenye cherehani akaniona mwanafunzi. Kila nilipokuambia, ulikwenda kutafuta bisibisi."

Sikupaza sauti, Baba asisikie. Pengine ndiyo maana ilimwingia. Alivuta kigoda akaketi, akaweka viganja usoni, mabega yakaanza kumtikisika. Nina hasira zangu na sikuzimaliza siku ile, bado ninazo nyingine mpaka leo. Lakini nilikwenda nikasimama karibu yake, akaegemeza kichwa tumboni pangu, tukakaa hivyo mpaka aliponawa uso akampigia dada yake simu. Nilimsikia akisema, "Usiniambie habari ya kawaida. Nimeona mimi mwenyewe. Mke wangu amekuwa akituambia, na sisi tumemwacha peke yake." Kisha akasema, "Njoo wiki hii. Kesho nampeleka hospitali, siendi kazini."

Nikaketi. Nilikuwa kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani akagundua shingo haigeuki.

Alichofanya baadaye sikumwambia akifanye. Alichukua kompyuta yake mpakato, akakaa kwenye meza ya kulia, akawa anaandikia ile kontrola mpya. Baada ya muda akaniita.

"Naichelewesha," akasema bila kunitazama. "Swichi za korido na za chumbani kwake tu. Na nimeiambia, mtu akibonyeza mara ya pili harakaharaka, isimsikilize. Iwake tu." "Niweke sekunde ngapi?"

Fundi mzima, aliyepoteza miezi kutafuta mahali zile sekunde zinapotokea ili aziue, sasa ananiuliza mimi azirudishe ngapi.

"Mbili," nikasema. "Zile za zamani zilikuwa mbili."

Jioni giza lilipoingia nilisikia mlango wa Baba ukifunguka. Kwa mazoea nikaanza kuinuka. Mume wangu akaniwekea mkono begani, akainuka yeye. Kutoka pale mezani nilikuwa nawaona wote wawili koridoni, vivuli viwili mbele ya ukuta. Baba akabonyeza. Giza likabaki palepale. Akabonyeza tena. Taa ikawaka, ikabaki inawaka.

"Unaona?" Baba akasema, na sauti yake ilikuwa imepona kabisa. "Mpaka uibonyeze mara mbili. Bado ni mbovu hii."

"Ni mbovu, Baba," mume wangu akasema. "Mimi ndiye nimeshindwa kuitengeneza."